Mnyama Mgeni Zizini

1. Nchi ya Msimbati na mifugo yake

Kusini kabisa mwa pwani ya Tanzania, karibu na mahali mto Ruvuma umwagapo maji yake baharini, iko nchi ya Msimbati. Ni nchi ya mchanga, yenye minazi na mikorosho mingi. Karibu nayo ni ghuba ya Mnazi, na upande wa kusini ni mikoko ya mdomo wa mto. Ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Tangu mwaka 2000 maji na mikoko ya sehemu hizo yamo katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma.

Kazi kubwa za watu wa huko ni uvuvi, na kilimo cha minazi, korosho na mihogo. Ng'ombe si wengi kama walivyo katika nchi za bara, kwa maana vichaka vya pwani ni makao ya ndorobo. Walakini mbuzi na kondoo wapo, na ng'ombe kidogo, nao ni akiba kubwa kwa wenyewe. Mvuvi hurudi siku nyingine na ngalawa tupu. Mkorosho huzaa mara moja tu kwa mwaka. Lakini mbuzi yumo zizini siku zote: mtoto akiugua, au paa la nyumba likianguka, au mwanafunzi akihitaji sare na madaftari, mnyama mmoja huuzwa na shida huondoka. Siku za Idi ya kuchinja zikikaribia, bei ya mbuzi na kondoo hupanda, na mwenye kundi zuri hufurahi.

Basi mtu akitaka kuanza kufuga, au kuongeza kundi lake, aghalabu hana budi kununua wanyama wa mbali. Hapo ndipo hatari iliko. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Neno hili ni kweli kwa wanadamu. Kwa wanyama mara nyingi huwa kinyume: mgeni hufa kwa maradhi ya wenyeji, ama wenyeji hufa kwa maradhi ya mgeni. Ziko habari tatu za kweli ambazo zaonyesha jambo hili, na zote zahusu pwani hii.

2. Wanyama wa Dr. Livingstone

Mwezi wa Machi mwaka 1866 Dr. David Livingstone aliondoka Unguja ili apate kuingia bara kwa njia ya Ruvuma. Wanyama wake walipakiwa katika jahazi: ngamia 6, nyati 3 na ndama wao mmoja, baghala 2, na punda 4. Nyati hao hawakuwa wa porini, bali wa kufugwa, wa jamii iliyozoea kazi katika Bara Hindi. Baghala ni mnyama aliyezaliwa na punda na farasi.

Livingstone alikuwa na kusudi. Katika safari zake za kwanza alikuwa ameona ng'ombe na farasi wakifa baada ya kuumwa na ndorobo, ambao wengine huwaita mbung'o. Tena aliona kwamba nyati wa porini wa Afrika huumwa wasife. Akataka kujua kama ngamia na nyati wa Bara Hindi nao wataweza kuishi penye ndorobo. Kama wangeweza, wangechukua mizigo ambayo siku zile ilichukuliwa vichwani mwa watu.

Walipofika mdomo wa Ruvuma waliona mikoko na vijito vya matope, wala hapakuwa na njia ya kupitisha ngamia. Wakageuka kuelekea kaskazini, wakawashusha wanyama Mikindani. Na mwezi wa Aprili wakaanza safari ya kwenda bara. Ndorobo wakawauma wanyama njiani. Lakini msiba wao haukuwa ndorobo peke yake. Askari kutoka Bara Hindi waliopewa kazi ya kuwatunza waliwapakia mizigo kupita kiasi, wakawapiga, na kuwaacha wateseke. Wakafa mmoja baada ya mmoja. Hata ndama wa nyati alipokuwa amesalia, askari wakamchinja, wakamla, kisha wakamwambia bwana wao kwamba ameliwa na chui mwenye milia. Livingstone akawauliza kama waliiona milia yake. Wote wakajibu kwamba waliiona wazi. Ndipo akajua kuwa ni waongo, kwa maana mnyama huyo yuko Bara Hindi, wala katika Afrika yote hayupo.

Habari hii ina mafunzo mawili. Kwanza, mnyama asiyeizoea nchi hushikwa upesi na maradhi ya nchi ile. Siku zile hakuna aliyejua jinsi ndorobo auavyo. Mganga Mwingereza, David Bruce, ndiye aliyegundua katika nchi ya Wazulu, miaka ya 1894 na 1895, kwamba ndorobo huchukua vijidudu kutoka damu ya mnyama mmoja na kuvitia katika damu ya mwingine. Maradhi hayo kwa wanyama huitwa nagana.

Pili, Livingstone hakuweza kuyapata majibu aliyoyatafuta. Wanyama walikufa, lakini ni nani angejua kama waliuawa na ndorobo au na fimbo? Mtu anayewatesa wanyama, au kuwasafirisha siku mbili bila maji, huwadhoofisha. Wakifa baadaye hatajua sababu, wala hatajua afanye nini mara ya pili.

3. Ng'ombe wa pwani waliopelekwa kusini

Habari ya pili ni ya wageni walioua. Katika miaka ya 1890 maradhi ya sotoka yalipita Afrika ya Mashariki na kuua ng'ombe wengi mno. Mwaka 1896 yakavuka mto Zambezi na kuingia nchi za kusini. Maboma yakabaki matupu. Baada ya hayo wafugaji wa kusini wakatafuta ng'ombe wengine wa kuyajaza. Mwaka 1901 ng'ombe wa pwani ya Afrika ya Mashariki walichukuliwa kwa meli mpaka Beira, na kutoka huko wakaingia Rhodesia, nchi ambayo sasa huitwa Zimbabwe.

Ng'ombe hao walikuwa wazima machoni pa watu. Lakini walikuwa wamezaliwa na kukulia mahali penye ndigana kali. Ndama wengi hufa kwa maradhi hayo. Waliopona huweza kuendelea kuwa na vijidudu mwilini, ingawa wao wenyewe hawaugui. Kupe wa kahawia, apendaye kukaa masikioni, hunyonya damu yao, huanguka majanini, kisha hupanda juu ya ng'ombe mwingine na kumwambukiza. Basi ng'ombe wa kusini, ambao hawakuyajua maradhi haya, walikufa kwa maelfu.

Mwaka 1903 aliitwa mganga Mjerumani, Robert Koch, aje kuyachunguza. Yeye alikuwa ameviona vijidudu hivyo katika damu ya ng'ombe wa Dar es Salaam miaka ya 1897 na 1898, lakini hakuvitambua vema. Sasa akafahamu kuwa maradhi ni yale yale ya pwani. Kwa hiyo Wazungu wakayaita homa ya Pwani ya Mashariki, na jina hilo latumika hata leo katika vitabu vya waganga wa wanyama.

Watu wale hawakuwa na nia mbaya. Walidhani kwamba mnyama mwenye manyoya mazuri na mwendo wa nguvu hana maradhi. Hilo ndilo lililowaponza.

4. Mbuzi wa mnadani

Habari ya tatu ni ya karibu zaidi. Yako maradhi yanayofanana na sotoka ya ng'ombe, nayo huwapata mbuzi na kondoo. Huitwa sotoka ya mbuzi na kondoo. Yalitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1942 katika Afrika ya Magharibi, katika nchi ya Kodivaa. Mwaka 2008 yalithibitishwa Tanzania, upande wa kaskazini, huko Ngorongoro.

Kutoka Ngorongoro mpaka mkoa wa Mtwara ni mbali sana. Mbuzi hawezi kutembea mwendo huo kwa miguu yake. Lakini mwaka 2009 maradhi yalionekana Tandahimba, katika mkoa wa Mtwara, katika wilaya iliyopakana na mto Ruvuma. Wachunguzi walipofuata chanzo chake, waliona kwamba yaelekea yaliletwa na mbuzi walionunuliwa katika mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Mbuzi hao waliletwa kwa gari na kuchanganywa na mbuzi wa nyumbani. Haikupita muda, mbuzi wa nyumbani wakaanza kuugua na kufa.

Dalili zake ni hizi. Mnyama hupata homa kali, huacha kula, na kusimama peke yake na manyoya yake yamesimama. Macho na pua hutoa maji, kisha kamasi nzito ambayo huziba pua. Mdomoni huwa na vidonda vyenye harufu mbaya. Hukohoa, huhara, na wenye mimba huzitupa. Wengi hufa kwa muda wa siku chache. Hakuna dawa ya kuyaua maradhi yenyewe. Ipo chanjo nzuri: sindano moja humkinga mnyama kwa miaka mitatu au zaidi. Lakini chanjo humsaidia aliyechanjwa kabla ya kuambukizwa.

Katika habari hizi tatu, maradhi hayakuvunja ukuta wa zizi. Mtu mwenyewe alifungua mlango. Kwa hiyo mfugaji mwenye akili huanza ulinzi wake mlangoni.

5. Namna ya kununua

Mnyama asinunuliwe usiku, wala kwa haraka, wala kwa sababu bei yake ni ndogo. Mnyama wa bei ndogo sana ana sababu. Mnunuzi na atazame mambo haya:

Kwanza, mwendo. Mnyama mzima hutembea pamoja na wenzake, hutazama huku na huku, na akipumzika hucheua.

Pili, macho, pua na mkia. Macho yawe maangavu, pua iwe safi, na chini ya mkia pasiwe na mavi ya majimaji.

Tatu, utando wa ndani ya jicho. Mnunuzi huvuta kope la chini taratibu. Rangi nyekundu ni dalili njema. Rangi nyeupe yaonyesha upungufu wa damu, ambao huletwa na minyoo, au kupe, au nagana.

Nne, meno. Mbuzi, kondoo na ng'ombe hawana meno ya mbele katika utaya wa juu. Hutazamwa yale ya chini. Mbuzi au kondoo mwenye meno mawili makubwa ana umri wa mwaka mmoja na zaidi kidogo. Mwenye meno manane makubwa amefika kama miaka minne. Meno yaliyokwisha au kung'oka ni ya mnyama mzee, ambaye hatazaa sana.

Tano, mahali atokapo. Heri kununua kwa jirani ambaye kundi lake lajulikana, kuliko kununua mnadani, ambako wanyama wa nchi nyingi wamesongamana. Kama ni lazima kununua mbali, mnunuzi aulize mnyama amechanjwa chanjo gani na lini, na achukue kibali cha kusafirisha mifugo kama sheria iagizavyo. Wengine hukwepa kibali ili waokoe fedha kidogo. Lakini kibali ndicho humlazimu afisa mifugo kumtazama mnyama kabla hajapanda gari.

6. Siku za kutengwa

Watu husema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Kwa mnyama mgeni siku mbili hazitoshi. Sotoka ya mbuzi na kondoo hukaa mwilini siku kadhaa, hata wiki mbili, kabla ya kuonekana. Kwa hiyo mnyama mgeni na atengwe siku 30. Kutenga huku huitwa karantini.

Banda la wageni lijengwe mbali na zizi, wala si lazima liwe la gharama. Miti, makuti na kamba zatosha. Liwe na chombo chake cha maji na chombo chake cha chakula. Wageni wasinywe kisimani pamoja na wenyeji, wala wasilishwe mahali pamoja. Mchungaji awahudumie wenyeji kwanza, kisha wageni. Akimaliza anawe mikono na miguu kwa sabuni. Akianza kwa wageni, miguu yake itayapeleka maradhi zizini.

Siku ya kwanza mgeni apewe maji, kivuli na majani laini, apumzike. Siku zifuatazo apewe dawa ya minyoo na kunyunyiziwa dawa ya kupe. Kila asubuhi mchungaji atazame kama amekula, kama acheua, kama akohoa, na mavi yake yakoje. Mwanafunzi ajuaye kuandika aweza kumsaidia baba yake sana kwa kuyaandika hayo katika daftari. Afisa mifugo akisema kwamba inafaa, mgeni achanjwe kabla ya kuingia kundini.

Kwa ng'ombe siku 30 hazimalizi kazi yote. Ng'ombe aliyepona ndigana kali huweza kuwa na vijidudu siku nyingi, kama ilivyoonekana Rhodesia. Hapo kinga ni kuua kupe mfululizo: kuogesha katika josho, au kunyunyizia dawa kwa kipimo kilichoandikwa chomboni. Dawa iliyozimuliwa kupita kiasi haiui kupe, bali huwafundisha kuizoea. Tena iko chanjo ya ndigana kali, ambayo ndama hupewa mara moja na mtu aliyefunzwa kazi hiyo.

7. Banda, malisho na maji

Mnyama mwenye nguvu hushindana na maradhi. Aliye dhaifu hushindwa. Mbuzi na kondoo wa pwani hufaa kulala katika banda la kichanja, lililoinuliwa juu ya nchi kama mita moja. Sakafu yake ni ya fito zenye nafasi ndogo, ili mavi yaanguke chini na kwato zisipenye. Hivyo wanyama hulala pakavu hata masika, na mavi hukusanywa kuwa mbolea ya mihogo na minazi.

Kondoo hula majani mafupi karibu na udongo, kwa hiyo hupata minyoo upesi. Watoto wadogo wa minyoo hupanda majani wakati wa umande. Basi haifai kuwatoa alfajiri. Wangoje jua likaushe umande. Tena malisho yagawanywe, ili sehemu moja ipumzike wakati nyingine inaliwa.

Wakati wa mvua majani ni mengi. Kiangazi huwa haba. Mfugaji asiyekata majani mwishoni mwa mvua na kuyakausha, atawaona wanyama wake wamekonda mwezi wa Oktoba. Majani ya viazi vitamu, ya kunde na ya mlusina ni chakula chema. Maganda na majani ya muhogo nayo hufaa, lakini yana sumu yakiwa mabichi, hasa ya muhogo mchungu; yakatwekatwe na kuanikwa juani mpaka yakauke. Mikoko isikatwe ovyo kuwa malisho au fito za banda, kwa maana imehifadhiwa kwa sheria, nayo ndiyo ulinzi wa pwani na malezi ya samaki.

Maji baridi ni shida katika nchi ya mchanga karibu na bahari. Ng'ombe mkubwa aweza kunywa lita 30 hata 50 kwa siku moja ya joto. Kwa hiyo mtu asinunue ng'ombe wengi kuliko kisima chake.

Anayefuga ng'ombe wa nyama amhasi dume asiyehitajika kwa uzazi angali mdogo, amnenepeshe kwa muda wa miezi mitatu hivi kabla ya kumwuza, na amwuze kwa mizani. Macho ya mchuuzi huona kilo chache kuliko zilizopo. Tena ni bora kuuza baadhi ya wanyama mapema, wakiwa wanono, kuliko kungoja kiangazi kiwakondeshe wote.

8. Ndorobo hashindwi na mtu mmoja

Nagana ina dawa, lakini itolewe na mjuzi, kwa kipimo cha uzito wa mnyama. Wachungaji wasipitishe mifugo katika vichaka vya ndorobo, na mnyama anayepungua nguvu siku kwa siku apimwe damu. Mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi iliyotiwa dawa huvuta ndorobo na kuwaua. Unguja walishirikiana na wataalamu kwa miaka mingi, wakazitumia dawa hizi, kisha wakaachia madume ya ndorobo yaliyofanywa tasa ili majike yasizae. Mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina ndorobo tena. Kazi kama hiyo haikuwezekana kwa mtu mmoja mwenye mbuzi wake watatu. Iliwezekana kwa sababu kisiwa kizima kilishirikiana.

Kadhalika katika mambo ya wahamaji. Katika miaka ya 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondolewa katika bonde la Usangu, na wengine walikuja na ng'ombe wao mkoa wa Lindi. Wageni wa namna hii hawafai kupokewa kwa marungu, wala kuachwa bila utaratibu. Wazee wa pande zote mbili wakae pamoja na serikali ya kijiji, waonyeshe njia ya kupita, mahali pa kunywesha na mahali pa kuogeshea. Hivyo mazao husalimika, na kundi la mwenyeji na la mgeni yote mawili husalimika.

9. Mficha maradhi

Sasa limesalia jambo gumu kuliko yote. Mtu ana mbuzi kumi. Mmoja akohoa na pua yake yatoka kamasi; wa pili ameanza kuhara. Mchuuzi apita njiani. Moyo wamwambia mwenye mbuzi, "Uza upesi kabla hawajafa." Akiuza, atapata fedha leo. Lakini mbuzi wake atauzwa tena kijiji cha pili, na kilio kitaingia nyumba ambayo hakuijua: pengine ya mjane ambaye mbuzi wawili ndio mali yake yote. Na mwezi ujao maradhi yale yale yatarudi kwake kwa mlango mwingine.

Kwa hiyo yapasa kufanya haya. Mgonjwa atengwe siku ile ile. Asiuzwe, asigawiwe, wala asipelekwe kwa ndugu. Habari ipelekwe kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa afisa mifugo, ili damu au kamasi ichukuliwe kupimwa maabara. Mnyama aliyekufa kwa maradhi asiliwe. Sotoka ya mbuzi haimpati mwanadamu, lakini mtu hawezi kuyapambanua maradhi yote kwa macho, na kimeta humwua mlaji. Mzoga wenye kutoka damu puani au mkunduni usipasuliwe kabisa, wala usichunwe. Uzikwe katika shimo refu, mbali na kisima, ili mbwa na fisi wasiufukue.

Wengine huogopa kutoa habari, wakidhani kwamba watalaumiwa. Lakini mficha maradhi, kilio humfichua. Anayesema mapema hupoteza mbuzi wawili, na kijiji huchanjwa. Anayenyamaza hupoteza kumi, na kijiji hupoteza mia.

Tena kazi hii ina tumaini. Sotoka ya ng'ombe, iliyoyafanya maboma ya Afrika kuwa matupu katika miaka ya 1890, haiko tena duniani. Mganga Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo yake nzuri huko Muguga, Kenya. Mataifa yakachanja, yakapeleleza, yakatoa habari bila kuficha. Na mwaka 2011 ikatangazwa kwamba imekwisha kabisa. Ndiyo maradhi ya pili kuondolewa duniani na wanadamu, baada ya ndui. Mwaka 2015 mataifa yalikutana Abidjan, yakaazimu kuyaondoa na haya ya mbuzi na kondoo ifikapo mwaka 2030.

Azimio la mataifa hutimizwa katika mazizi madogo. Mungu amempa mwanadamu wanyama wawe chini ya mkono wake, si ili awatese, bali awatunze. Mtoto wa Msimbati amtengaye mbuzi mgeni kwa siku 30, na kumtazama kila asubuhi, alinda mali ya baba yake, na ya jirani, na ya watu wa ng'ambo ya mto ambao hajapata kuwaona.

Maswali

1. Kwa nini Livingstone alileta ngamia na nyati katika pwani ya kusini? Kwa nini hakupata majibu aliyoyataka?
2. Ng'ombe waliopelekwa Beira mwaka 1901 walionekana wazima. Eleza jinsi walivyoweza kuwaua wengine.
3. Taja dalili nne za sotoka ya mbuzi na kondoo.
4. Mtu alinunua mbuzi tarehe 10 Juni na kuwatenga siku 30, akihesabu siku ile ya kwanza. Siku ya mwisho ya kuwatenga ni tarehe gani?
5. Mtu ana ng'ombe 6, na kila mmoja hunywa lita 40 kwa siku. Kisima chake hutoa lita 300 kwa siku. Je, aweza kuongeza ng'ombe wangapi?
6. Jirani ana mbuzi mgonjwa, naye ataka kumwuza kwa mchuuzi. Andika maneno ambayo mtoto mwenye adabu aweza kumwambia mzee huyo ili ageuze shauri lake.